Alama ya kitu ambacho hakuna aliyekiona: watoto 301 wa Chicago na fakta tatu

Mwaka 1939 Karl Holzinger na Frances Swineford wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha matokeo ya majaribio waliyowapa wanafunzi wa darasa la saba na la nane katika shule mbili: Pasteur, watoto 156, na Grant-White ya Forest Park, watoto 145. Majaribio yalizidi ishirini, lakini tisa kati yake ndiyo yaliyopata umaarufu, kwa kuwa hadi leo yanafundishiwa uchanganuzi wa fakta, yaani kutafuta uwezo usioonekana (fakta) ulio nyuma ya alama zinazoonekana, karibu kila mahali somo hili linapofundishwa. Ukiweka kifurushi cha lavaan kwenye R, programu ya takwimu, data hiyo inakuja pamoja nacho. Ndiyo maana nimeichagua: msomaji mwenye shaka anaweza kurudia hesabu zangu mwenyewe.

Majaribio matatu ya kwanza ni ya kuona na kuwaza maumbo: kutambua maumbo, michemraba, na maumbo ya almasi. Matatu yanayofuata ni ya lugha: kuelewa aya, kukamilisha sentensi, maana za maneno. Matatu ya mwisho ni ya kasi: kujumlisha, kuhesabu nukta, na kutenganisha herufi kubwa zilizonyooka na zilizopinda, yote kwa kukimbizana na saa. Modeli iliyozoeleka inasema kwamba nyuma ya alama hizi tisa kuna fakta tatu, nami nitaziita maumbo, lugha na kasi.

Mizigo sanifu, yaani nguvu ya kamba inayofunga kila jaribio na fakta yake, ni hii. Maumbo: 0.772, 0.424 na 0.581. Lugha: 0.852, 0.855 na 0.838. Kasi: 0.570, 0.723 na 0.665. Fakta zenyewe zinahusiana: maumbo na lugha 0.46, maumbo na kasi 0.47, lugha na kasi 0.28. Modeli haikai vizuri sana juu ya data (khi-mraba 85.3 kwa digrii 24 za uhuru, CFI 0.931, RMSEA 0.092, vyote vikiwa vipimo vya jinsi modeli inavyolingana na data), na hilo lisisahaulike, kwa sababu alama zozote zitakazotokana nayo zitarithi kasoro zake. Kwa sasa tuichukulie kuwa kweli. Namba zote zinazofuata nimezipiga kutoka kwenye mizigo na mahusiano haya.

Basi tuseme mtafiti ana data hii na maswali mawili. Kwanza, uwezo wa maumbo na kasi vinaendana kwa kiasi gani? Pili, je, shule mbili hizi zinatofautiana? Hataki kuhangaika na milinganyo ya miundo, yaani kujibu maswali hayo ndani ya modeli yenyewe. Anataka kila mtoto awe na namba moja ya maumbo, moja ya lugha na moja ya kasi, kisha aendelee na hesabu za kawaida alizozizoea. Ni hamu inayoeleweka kabisa, na programu zinamrahisishia. SPSS, kwa mfano, inampa njia tatu za kutengeneza alama za fakta: rigresheni, Bartlett, na Anderson-Rubin. Ya kwanza imeshachaguliwa tayari, anabonyeza tu.

Kubonyeza huko ndiko kisa chetu.

Rigresheni ya kawaida, yaani kukadiria kitu kimoja kutokana na kingine, hutaka uone pande zote mbili. Ukitaka kukadiria uzito wa mtu kutokana na urefu wake, lazima kwanza uwe na kundi la watu waliopimwa vyote viwili. Hapa upande mmoja haupo. Hakuna mtoto hata mmoja, si Pasteur si Grant-White, aliyewahi kupimwa "maumbo" yenyewe. Alipimwa michemraba na mengineyo. Unakadiriaje kitu ambacho hakimo kwenye data?

Jibu alilolitoa mwanasaikolojia Louis Thurstone mwaka 1935, akiwa hapohapo Chicago, lina werevu wa aina yake. Rigresheni haihitaji data ghafi, inahitaji mahusiano tu. Mahusiano ya jaribio kwa jaribio tunayo, tumeyahesabu kutoka kwa watoto. Mahusiano ya kila jaribio na fakta isiyoonekana modeli imeshatupa: kutambua maumbo kunahusiana na fakta ya maumbo kwa 0.772, na kuhesabu nukta, ambako ni jaribio la kasi, kunahusiana nayo kwa njia ya mzunguko, 0.723 mara 0.471, yaani 0.34. Chukua kinyume cha matriki (jedwali) ya mahusiano ya majaribio, uizidishe kwa safu ya mahusiano na fakta, unapata uzani wa kila jaribio. Zidisha uzani kwa alama sanifu za mtoto (zilizopimwa upya ili wastani uwe sifuri na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha kutawanyika, uwe 1), jumlisha, umemaliza. Kati ya makadirio yote yanayoundwa kwa kujumlisha alama za majaribio kwa uzani wowote ule, haya ndiyo yenye wastani mdogo kabisa wa makosa yaliyopigwa mraba. Hiyo sifa ni ya kweli na haina mashindano.

Tuanze na hali nyepesi: fakta ya maumbo ikikadiriwa kwa majaribio yake matatu peke yake. Uzani unatoka 0.60 kwa kutambua maumbo, 0.16 kwa michemraba, 0.27 kwa maumbo ya almasi. Sasa wafikirie watoto wawili wa kubuni. A amepata alama sanifu 1, −1 na 0.5. B amepata 0, 1.5 na 0. Kwa wastani wa kawaida B anaongoza, 0.50 dhidi ya 0.17. Kwa rigresheni A anaongoza, 0.57 dhidi ya 0.24. Michemraba imempandisha B kwenye wastani, lakini modeli haiiamini sana michemraba: mzigo wake ni 0.424, maana yake zaidi ya asilimia 80 ya tofauti za watoto kwenye jaribio hilo zinatokana na mambo mengine yasiyo fakta. Hapa rigresheni inafanya kile ambacho mtu mwenye busara angekifanya akiwa na mashahidi watatu ambao mmoja wao anajulikana kwa kubahatisha.

Hadi hapa sina ugomvi nayo. Ugomvi unaanza pale modeli inapokuwa na fakta zinazohusiana na programu inapokadiria zote tatu kwa mpigo, kama inavyofanya kwa kawaida.

Rigresheni ikijua kwamba maumbo na kasi vinahusiana kwa 0.47, itatumia taarifa hiyo. Ingekuwa uzembe isiitumie. Kwa hiyo alama ya maumbo ya mtoto haitokani tena na majaribio matatu bali na yote tisa. Uzani wa majaribio ya maumbo unashuka kidogo, kuwa 0.53, 0.14 na 0.24, na mengine sita yanapewa vipande vidogo: kati ya 0.04 na 0.07 kila moja. Vinaonekana kama makombo. Sasa chukua mtoto aliyepata wastani kamili, sifuri, kwenye majaribio yote matatu ya maumbo, lakini amepata 2 kwenye yote ya lugha na yote ya kasi. Alama yake ya maumbo inatoka 0.62. Anahesabiwa kuwa juu ya wastani katika kitu alichokuwa wa wastani kila alipopimwa moja kwa moja, kwa sababu anasoma vizuri na anajumlisha haraka.

Kama ubashiri, si upuuzi. Majaribio ya maumbo yana makosa. Mtoto mwenye vipaji vingine huenda kweli ana zaidi ya yale yaliyoonekana siku hiyo. Lakini msomaji wa ripoti akiona safu iliyoandikwa "maumbo" hatafikiri kwamba ndani yake kuna kuhesabu nukta. Na mtafiti wetu atakapoanza kuuliza maswali yake, makombo yale yatajaa sahani.

Swali la kwanza, basi. Maumbo na kasi vinahusiana kwa kiasi gani?

Modeli inasema 0.47. Mtafiti akichukua alama za rigresheni za majaribio yote tisa na kuhesabu uhusiano wake, atapata 0.59. Maumbo na lugha, ambako modeli inasema 0.46, atapata 0.55. Lugha na kasi, 0.35 badala ya 0.28. Kila uhusiano umevimba, na sababu yake tumeshaiona: alama ya maumbo ina kasi ndani yake na alama ya kasi ina maumbo ndani yake, zimekopeshana. Akiona hivyo akaamua kukadiria kila fakta kivyake, kwa majaribio yake matatu tu, atapata 0.33. Sasa imesinyaa, kwa sababu alama zilizojaa makosa haziwezi kuhusiana sana. Akienda kwa Bartlett, njia iliyotolewa mwaka 1937, atapata 0.33 hiyohiyo, kwa sababu katika modeli kama hii, ambayo kila jaribio limefungwa kwenye fakta moja, alama za Bartlett ni zile alama za kila fakta kivyake zilizotanuliwa tu. Akijaribu Anderson-Rubin, njia ya 1956, atapata sifuri, kwa sababu njia hiyo imeundwa makusudi ili alama zisihusiane kamwe, iwe fakta zinahusiana au hazihusiani.

Watoto walewale, majaribio yaleyale, modeli ileile: 0.59, 0.33, 0, na hakuna aliyekosea kuhesabu. Jibu la modeli, 0.47, halimo hata katika mojawapo. Zipo njia zilizotengenezwa ili alama zitoe uhusiano uleule wa modeli (ten Berge na wenzake waliandika vizuri kuzihusu mwaka 1999), lakini ukweli mchungu ni kwamba kwa swali hili mtafiti hakuhitaji alama kabisa. Jibu alikuwa nalo kwenye ukurasa wa matokeo ya modeli kabla hajabonyeza chochote. Nimesoma tasnifu kadhaa ambamo mwandishi anakokotoa fakta kwa ustadi, anatengeneza alama, kisha anahesabu uhusiano wa alama hizo na kuuripoti kama uhusiano wa fakta. Huo ni mzunguko wa kwenda kuchota maji yaliyochafuka wakati mtungi umejaa nyumbani.

Lipo jambo linaloshangaza watu hapa, nami ningependa likae. Kuvimba kule kwa 0.59 si kasoro ikiwa alama zinatumika kutabiri. Tuseme mtafiti anataka kujua jinsi maumbo, lugha na kasi vinavyotabiri alama za hesabu za darasani. Akiingiza alama tatu za rigresheni zilizokadiriwa pamoja, pamoja na uvimbe wake wote, vigawo atakavyopata vitakuwa sahihi kwa wastani, ilimradi modeli ni sahihi. Akiingiza za Bartlett, ambazo zinaonekana safi zaidi, vigawo vitapotoka. Sababu ni kwamba alama ya rigresheni ni matarajio ya fakta kutokana na kila tulichokiona, na ukitabiri kwa kutumia matarajio hupotezi kitu kwenye mteremko. Geuza upande, fanya alama kuwa kitu kinachotabiriwa, na mambo yanageuka nayo: Bartlett inakuwa sahihi, rigresheni inapotoka. Skrondal na Laake walilithibitisha hili mwaka 2001 na ushauri wao ni mfupi: alama za rigresheni kwa vitabiri, za Bartlett kwa matokeo. Kwangu hilo ndilo jambo moja ambalo kila anayebonyeza kitufe kile angepaswa kulijua kabla. Kuuliza "njia ipi ni bora" bila kusema alama itasimama upande gani wa mlinganyo ni swali lisilo na jibu.

Swali la pili la mtafiti wetu liko upande wa matokeo. Je, shule zinatofautiana? Hapa shule inatabiri, alama inatabiriwa. Watoto wengi wa Pasteur walitoka familia za wafanyakazi wa viwandani, wazazi wakiwa wahamiaji, na kwenye majaribio ya lugha ya Kiingereza Grant-White iko mbele waziwazi. Angalia rigresheni itakavyofanya na pengo kama hilo. Tuseme, kwa mfano, pengo halisi la lugha ni nusu ya mkengeuko sanifu, na kwenye maumbo hakuna pengo lolote. Alama za rigresheni za majaribio tisa zitaonyesha pengo la lugha la 0.43 na, juu yake, pengo la maumbo la 0.07 ambalo halipo. Limevuja kutoka lugha. Na kama pengo la nusu lingekuwa kwenye maumbo badala ya lugha, alama zingeonyesha 0.31 tu, kwa kuwa rigresheni huvuta kila mtu kuelekea wastani wa wote, na huvuta zaidi pale majaribio yanapokuwa dhaifu. Kwa hiyo kwenye jedwali moja mtafiti atakuwa amepunguza pengo la kweli na kuzua lisilokuwepo. Bartlett ingempa nusu kwa nusu na sifuri kwa sifuri, kwa wastani.

Nasema kwa wastani na ikiwa modeli ni sahihi, na kwa shule hizi mbili sharti hilo linayumba. Ukilazimisha majaribio yote tisa yawe na sehemu sawa ya kuanzia (alama anayotarajiwa kupata mtoto mwenye fakta ya sifuri) katika shule zote mbili, modeli inaporomoka zaidi, na majaribio mawili ndiyo yanayosumbua: maumbo ya almasi na kujumlisha. Watoto wa Pasteur walifanya vizuri kwenye hayo mawili kuliko fakta zao zinavyoweza kueleza. Labda walifundishwa kujumlisha kwa mkazo zaidi; data haisemi. Alama yoyote, ya rigresheni au ya Bartlett, itakayochanganya majaribio hayo bila kuliangalia hilo italibeba kosa hilo na kuliita maumbo au kasi. Hili ndilo eneo ambalo alama zinadhuru kuliko zinavyosaidia: modeli ya makundi mawili, inayokadiriwa kwa shule zote mbili kwa mpigo, inakuonyesha jaribio linalosumbua, lakini safu ya alama inalificha ndani ya jumla.

Kuhusu PCA, yaani uchanganuzi wa vijenzi vikuu, unaofupisha majaribio kuwa jumla chache bila kutenga makosa yake, nitapita haraka. Kwenye SPSS njia ya uchimbaji iliyochaguliwa tayari si uchanganuzi wa fakta hasa bali ni PCA, na ukiiacha hivyo njia tatu za alama zinatoa kitu kilekile. Anayeona alama zake tatu zinalingana hadi desimali ya mwisho asifurahi. Hajafanya alichodhani amefanya.

Kuna suala zito zaidi, na limekuwepo tangu siku za mwanzo. Mwaka 1928 mwanahisabati E. B. Wilson, akikihakiki kitabu cha mwanasaikolojia Charles Spearman kuhusu uwezo wa binadamu, alionyesha kwamba modeli ya fakta haitoshi kuamua alama za fakta. Si kwamba ni vigumu kuzipata. Zipo nyingi zisizo na kikomo, na zote zinaikubali modeli sawasawa. Mwaka 1955 Louis Guttman akaliweka kwenye namba. Ukichukua uhusiano kati ya alama za rigresheni na fakta, ukaupiga mraba, ukazidisha kwa mbili na kutoa moja, unapata uhusiano wa chini kabisa unaoweza kuwepo kati ya seti mbili za alama ambazo zote ni halali.

Kwa lugha mambo ni mazuri: uhusiano wa alama na fakta ni 0.94, na namba ya Guttman inatoka 0.78. Kwa maumbo, hata tukikopa kwenye majaribio yote tisa, uhusiano ni 0.85. Wengi wangeandika 0.85 kwenye ripoti na kuendelea na safari. Lakini namba ya Guttman ni 0.44. Maana yake watafiti wawili wanaweza kuwapa watoto hawa 301 safu mbili za "maumbo", kila moja ikitimiza masharti yote ya modeli, na safu hizo zikahusiana kwa 0.44 tu, chini ya uhusiano wa maumbo na lugha ulivyo ndani ya modeli yenyewe. Kasi iko palepale. Tiba yake siyo njia nyingine ya kukadiria. Ni majaribio zaidi, au yaliyo bora kuliko michemraba.

Ningemshauri mtafiti wetu aripoti 0.47 kutoka kwenye modeli kwa swali la kwanza, alinganishe shule kwa modeli ya makundi mawili akiyaachia maumbo ya almasi na kujumlisha sehemu tofauti ya kuanzia kwa kila shule, na kama mhariri wa jarida anang'ang'ania alama, atumie za Bartlett kwa ulinganisho wa shule na aziweke 0.85 na 0.44 kando kwa kando ili msomaji aone zote mbili. Alama za rigresheni azihifadhi kwa siku atakayotaka kutabiri kitu.

Ila kama kuna mwalimu atakayezichukua alama hizo kuchagua mtoto mmoja mmoja, hakuna kati ya haya litakalomwokoa. Warudie A na B, 0.57 na 0.24. Kosa la kawaida la kila alama, kwa majaribio matatu ya maumbo, ni 0.56. Tukichukulia mgawanyo wa kawaida, uwezekano kwamba A kweli anamzidi B ni kama asilimia 66. Katika kila jozi tatu za watoto wenye alama kama hizo, mwalimu atampa nafasi asiyestahili mara moja.